Kabla hujanunua mashine ya kukatia majani

Mteja akifika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Gerezani, swali lake la kwanza karibu siku zote ni lile lile: "Fundi, ipi ina nguvu, ya petroli au ya umeme?" Nami humrudishia maswali mawili. Uwanja wako una ukubwa gani? Na nani atakayeishika hiyo mashine? Wengi hawakuyategemea. Wamekuja Kariakoo na pesa mkononi wakiamini kwamba mashine ya kweli ni ile inayonguruma. Mimi ninazipokea zikiwa zimeshakufa, na ninachokiona ni kwamba chache sana zimekufa kwa kazi. Nyingi zilipelekwa kwenye nyumba isiyozihitaji, zikashikwa na mtu ambaye hakuna aliyemwelekeza.

Nianze na uwanja. Kariakoo yenyewe haina tena majani ya kukata. Nyumba za Kiswahili zilizokuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua wa nyuma wenye bomba na mwembe, zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamesimama maghorofa. Lakini wanunuzi wa mashine ni watu wa hapa hapa: mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aliyejenga Goba, mama wa duka la vitenge anayehamia Chanika, wazee wa Upanga na Ilala ambao bado wana kipande cha nyasi mbele ya mlango. Kiwanja kinachotajwa sana mjini ni cha ishirini kwa ishirini, yaani mita za mraba 400. Toa nyumba, toa kibanda cha kuku, toa choo cha nje, toa sehemu iliyotandikwa pevingi kwa ajili ya gari. Majani yanayobaki mara nyingi hayazidi mita za mraba 100. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na kwa kazi ya nusu saa nasema wazi: nunua ya umeme.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mashine ya umeme ya wati 1,200. Nusu saa inakula uniti 0.6. Kwa mteja wa kawaida, ambaye uniti moja ya LUKU pamoja na kodi na tozo imekuwa ikimgharimu shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 214. Kwa yule wa matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anayeuziwa uniti kwa shilingi 122, ni sabini na kitu tu, na mashine hiyo peke yake haiwezi kumtoa kwenye kundi lake. Sasa chukua ya petroli ya kubeba begani, yenye injini ya sisi (cc) 43. Kwa kazi hiyo hiyo itakunywa kama theluthi ya lita. Bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa miaka hii ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita moja hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo umeshatumia kama elfu moja kabla hujahesabu oili, na kabla hujahesabu bodaboda ya kwenda sheli, ambako wengi wanakataa kukujazia kidumu cha plastiki.

"Na umeme ukikatika je?" Swali hili naliheshimu, kwa sababu hakuna aliyesahau mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote tisa ilipokamilika mwaka uliofuata uwezo wa bwawa ukafika megawati 2,115. Hali imebadilika, ingawa kukatika kwa hapa na pale kupo. Lakini tufikiri pamoja: friji haliwezi kusubiri, mashine ya kinyozi haiwezi kusubiri. Majani yanaweza. Umeme ukikatika Jumamosi asubuhi, utafyeka jioni, au Jumapili.

Sasa niingie kwenye jambo linalojaza meza yangu. Mashine nyingi za begani zinazouzwa kwa bei ya chini zina injini ya mapigo mawili, ile tunayoiita tustroki. Injini ya bodaboda ni ya mapigo manne, fostroki, ina oili yake chini, unaipima kwa kijiti na kuibadilisha. Tustroki haina mahali pa kuhifadhi oili. Oili yake inakuja ndani ya petroli yenyewe: mchanganyiko unapita kwanza kwenye chumba cha krenki, unalainisha beringi na pistoni, halafu ndiyo unapanda kuungua. Ukiipa petroli tupu, umeinyima oili kabisa.

Mama mmoja wa Tabata aliniletea ya kwake ikiwa kwenye boksi lake bado, kamba ya kuvutia imegoma. "Fundi, haijamaliza hata mwezi," akasema. Nikamuuliza ilikuwa inatiwa mafuta gani. "Petroli nzuri baba, kijana alikuwa ananunua sheli." Nilifungua eksozi, nikamulika kwenye tundu kwa taa ya simu na kumwita aone mwenyewe. Pistoni inatakiwa iwe laini, inang'aa. Hii ilikuwa na mikwaruzo ya wima, ya kijivu, upande ule ule wa eksozi ambako joto ni kali zaidi, na ringi imeganda kwenye mfereji wake. Nikamwambia apitishe ukucha. Akapitisha, akanyamaza. Silinda na pistoni mpya, pamoja na ufundi, vilikaribia nusu ya bei aliyonunulia mashine. Chini ya lile boksi kulikuwa na kikopo cha kupimia mchanganyiko, bado kiko kwenye nailoni yake. Aliyemuuzia hakumweleza ni cha nini, na hilo ndilo linaloniuma: maelezo ya dakika tano yangemwokolea pesa zote zile.

Basi ninayaeleza hapa. Soma kitabu cha mashine au angalia maandishi kwenye kifuniko cha tenki. Kama kimeandikwa 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili ya tustroki. Kama ni 40 kwa 1, mililita 25. Kama ni 50 kwa 1, mililita 20. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka famasi linapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Oili iwe imeandikwa ya tustroki. Oili ya injini ya gari haikutengenezwa kwa kuungua, na huacha masizi yanayoziba eksozi na kuchafua plagi. Changanya kwenye kidumu kwanza, tikisa, ndipo umimine kwenye tenki. Na kazi ikiisha kwa muda mrefu, mwaga mafuta yote, washa mashine mpaka izime yenyewe. Petroli iliyoachwa ndani tangu masika hadi vuli inakauka na kuacha utomvu wa kahawia kwenye tundu za kabureta, tundu ambazo hata uzi wa kushonea haupiti. Mteja anavuta kamba mpaka bega linauma, halafu anasema plagi imekufa. Plagi nzima. Kabureta ndiyo imeziba.

Zipo za begani za fostroki. Honda GX35, kwa mfano, ni injini ya sisi 35.8 isiyotaka kuchanganyiwa mafuta, unaweka petroli tupu na kuangalia oili kama ya pikipiki. Bei yake iko juu, lakini kama nyumba yako inahitaji petroli kweli, ongeza pesa uchukue hiyo au inayofanana nayo.

Tustroki ina tabia nyingine inayomhusu jirani. Kwa jinsi ilivyoundwa, tundu la kuingiza mchanganyiko na la kutoa moshi huwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya mafuta mabichi hutoka moja kwa moja pamoja na moshi. Ule moshi wa buluu wenye harufu kali umebeba oili na petroli uliyoilipia ikienda hewani. Nchini Marekani jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuanza kuondoa sokoni injini ndogo mpya za bustani zinazotoa moshi, kuanzia zile za mwaka 2024, na mji wa Washington ulipiga marufuku mashine za petroli za kupuliza majani tangu Januari 2022. Wao wana viwanja vikubwa na nyumba zilizoachana. Fikiria Upanga, ambako madirisha ya ghorofa nzima yanatazama bustani moja, au Ilala ambako ukuta wako ndio ukuta wa mwenzako, na ndani kuna mzee mwenye pumu au mtoto mchanga amelala. Kelele nayo ni hivyo hivyo. Wataalamu wa afya kazini wanaweka desibeli 85 kama mpaka wa masikio kwa saa nane. Ya petroli huupita mpaka huo kirahisi kwa yule anayeibeba, na vijana wetu wanaifanya kazi hiyo kutwa nzima bila kuziba masikio. Mwajiri wao awanunulie vya kuziba masikio na miwani. Uzi wa nailoni unaokata majani ukipiga mchanga wa Dar wenye vipande vya chupa, jicho haliwezi kukwepa.

Watu hudhani umeme hauwezi kukata majani kwa sababu mota inaonekana ndogo. Mashine ya nailoni ilibuniwa mwaka 1971 na George Ballas wa Houston, Texas, baada ya kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari zikizunguka; aliifanyia majaribio kwa kopo la bati na nyuzi za kuvulia samaki. Kinachokata pale ni mwendo. Uzi ukizunguka kwa kasi unanyooka na kukata kama kisu, hauhitaji msuli mkubwa nyuma yake. Kwa ukoka na pasipalamu za nyumbani mota ya umeme inatosha kabisa. Ndago pia utaikata, ingawa itarudi, maana chanzo chake ni vile viazi vidogo vilivyo chini ya udongo, na hakuna mashine ya juu inayovifikia. Mahali ambapo uzi unashindwa ni kwenye vichaka, migomba midogo na magugu yenye shina la mti. Huko unataka kisu cha chuma na injini inayoweza kukisukuma bila kusita.

Nikisema nunua ya umeme, sisemi ni salama bila masharti. Umeme na majani mabichi haviendi pamoja. Subiri umande ukauke, usifyeke baada ya mvua, vaa gambuti au viatu vya kufunika mguu. Kandambili hapana. Nyaya zipite nyuma yako, juu ya bega, zisiwe mbele ya uzi unaozunguka. Kama nyumba yako haina ile breka inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha kujaribia na iliyoandikwa miliampea 30, mwite fundi umeme aifunge kabla hujanunua mashine. Breka hiyo gharama yake ni ndogo, na inalinda hata mtoto anayechezea soketi ya sebuleni.

Ekstensheni ndiyo inayoua mota nyingi. Mtu ananunua ile nyembamba ya kuchajia simu, anaunganisha mbili tatu ili afike kwenye ukuta wa nyuma. Umeme unapotea njiani, mota inazunguka kivivu, feni yake haivuti hewa ya kutosha, koili inapata moto. Chukua waya wa 2.5 wenye ethi, kipande kimoja kinachofika mwisho wa uwanja, na ukunjue wote kabla ya kuwasha. Uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake unajipasha wenyewe. Nimeona plastiki imeyeyuka na kugandana, waya wote umekuwa bonge moja.

Ugonjwa mwingine wa mashine ya umeme ni wa bei ndogo. Ndani ya mota kuna kaboni mbili, kila moja ukubwa wa kipande cha chaki kilichokatwa, zinasukumwa na springi ndogo ili zisugue shaba inayozunguka. Zinaisha polepole. Ukiona cheche nyingi kwenye matundu ya hewa, au mashine inakata na kurudi, ni kaboni. Zinauzwa kwa elfu chache, zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, na kijana mwenye bisibisi anaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani. Koili ikiungua, wapo mafundi wa kusuka mota hapa hapa Kariakoo, ila kwa mashine ndogo gharama ya kusuka inaweza isilipe. Ndiyo maana nashauri uulize dukani kama mota ni ya kopa au ya alumini. Za alumini ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini joto likipanda hazina uvumilivu.

Kisha kuna za betri, na kwenye hizi naomba umakini, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wanapoumizwa zaidi siku hizi. Ni nzuri kweli: hazina waya, hazina moshi, mama wa miaka sitini anaibeba kwa mkono mmoja. Lakini kwenye rafu utaona nyingine imeandikwa 48V, jirani yake 88V, nyingine 128V, zote na betri ya ukubwa ule ule. Usibabaike. Pindua chaja usome maandishi madogo. Kama chaja inatoa volti 21, betri hiyo ni ya seli tano zilizofuatana, yaani volti 18 za kawaida, hata kama boksi limeandikwa 128. Chaja ya volti 21 haiwezi kujaza betri ya volti 88. Hata makampuni yenye majina huandika 20V kwa seli hizo hizo tano, maana wanahesabu zikiwa zimejaa. Hilo halina ubaya.

Ukishajua volti, tazama ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Mashine inayovuta wati 250 itaimaliza kwa dakika kumi na saba hivi, na kwa uwanja mdogo mbele ya nyumba hiyo inatosha. Kwa mita 100 za mraba chukua betri mbili, na kabla ya kulipa hakikisha betri ya aina hiyo inauzwa peke yake. Mashine ambayo betri yake haipatikani itaishia stoo betri ikichoka. Betri usiiache kwenye buti ya gari juani, wala usiichaji ikiwa bado moto kutoka kazini. Iache ipoe kwanza.

Petroli ina watu wake, na siwezi kuwaficha. Mwenye ekari Kigamboni ambaye nguzo ya umeme haijafika. Shule yenye uwanja wa mpira. Msikiti au kanisa lenye makaburi mapana. Kijana anayepita mtaa kwa mtaa na mashine begani akiulizia kazi: yeye hawezi kuomba soketi kwa kila mwenye nyumba, na kwake mashine ni ajira. Huyu nikimwona anachukua ya tustroki namkalisha chini, namwonyesha kuchanganya, kusafisha chujio la hewa, kukaza boliti kila jioni kwa sababu mtetemo unazilegeza. Msumeno wa mnyororo nao, ule tunaouita chensoo, kwa kukata mwarobaini ulioanguka au mnazi mzee, wa petroli bado unaongoza. Ila kwa nyumba ya kawaida, mwite mwenye chensoo yake siku moja inapohitajika. Hakuna sababu ya kukihifadhi chombo hatari kama hicho kwenye stoo yenye watoto.

Na kuna kundi ambalo nalipeleka kwenye duka la zana za mkono. Kama majani yako ni mstari tu kando ya ukuta na duara chini ya mchungwa, nunua fyekeo, tupa ya kunolea na mkasi wa michongoma. Fyekeo lililonolewa vizuri linamaliza kazi hiyo kabla hujamaliza kukunjua waya. Wauzaji wa mashine hawatakuambia hivyo, nami si adui yao, tunategemeana. Nasema tu kile ambacho ningemwambia dada yangu.

Siku ya kununua, njoo asubuhi kabla mitaa ya Msimbazi na Mkunguni haijafurika, na usinunue boksi lililofungwa. Ya umeme, ichomekwe uisikie: mlio uwe mmoja, usipande na kushuka, na usisikie harufu ya kuungua. Ya petroli, ivutwe mpaka iwake mbele yako, halafu muuzaji akuchanganyie mafuta mwenyewe huku unatazama. Ya betri, soma chaja. Shika mpini kwa urefu wa mtu atakayeitumia. Kama ni mtumishi wa nyumbani, njoo naye. Omba nailoni ya akiba na uandike unene wake, kwa sababu ya milimita 2.4 haitoshei kichwa cha milimita 1.6. Kwa ya umeme, nunua jozi moja ya kaboni palepale, uitie kwenye boksi. Dai risiti ya EFD yenye jina la mashine na uulize dhamana ni ya muda gani na inahusu nini. Mwisho uliza swali ambalo wateja hulisahau: ikiharibika naileta wapi? Muuzaji akikuonyesha mlango wa fundi na rafu ya vipuri, lipa. Akianza kutazama simu yake, nenda duka linalofuata.